Fundi na Mtu wa Kiti cha Nyuma

Mume wangu alikufa ndani ya gari ambayo Fundi aliitengeneza kwa mikono yake, na bado mtu akimsema Fundi vibaya mbele yangu tunakosana. Ruiru nzima ilimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanafunzi, na mimi niliyekuwa na duka la spea ng'ambo ya barabara sikuwahi kumwita jina lingine. Nilimjua karibu miaka yote ya tisini. Nilimuuliza habari za plagi, za gasketi, za wake zake, za dini yake. Jambo moja tu ndilo niliogopa kumuuliza. Siku ile alipompeleka mama yangu kujaribu gari, ni nini kilitokea kiti cha nyuma? Mama alisema yeye ndiye aliyemuua mkwewe kwa kunyamaza. Mimi nilimwambia si yeye. Lakini mimi sikuwa ndani ya hiyo gari, na Fundi alikuwa.

Wacha niseme mapema, mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa mbwa, na nikipandishwa gari mguu wangu unakanyaga breki ambazo hazipo. Lakini Fundi alinishinda. Mtu aliyekuwa akitafutwa kutoka Nairobi mpaka Thika ili aongezee magari ya Kijapani mbio hakuwa na gari lake. Aliishi Majengo, Thika, na kila asubuhi alikuja Ruiru kwa treni. Treni ikikosa, gereji haifunguliwi, na vijana wanangoja wameegemea magari yao wakitukana reli. Nikamuuliza, "Fundi, si upande matatu kama watu wengine?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mama Njoki, zile mimi nazijua kwa chini. Wewe unaziona kwa juu tu."

Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Kiswahili chake kilikuwa cha Majengo, kimenyooka, na sisi watu wa kuchanganya r na l tulimchekesha. "Nyinyi Kiswahili mmekitoa injini," alikuwa akiniambia, "mmebaki na bodi." Nami namjibu bodi ndiyo watu hununua. Chai yake ilikuwa ya rangi, bila sukari, na hakuinywa mpaka awe amenawa kwa vumbi la mbao na sabuni ya unga, kidole kwa kidole, huku wateja wakiangalia saa zao.

Miaka ile magari ya Dubai yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi. Mtu ambaye juzi alikuwa na pikapu ya kubebea nyasi, leo ana saloon ya Kijapani yenye turbo, na hajui turbo ni nini. Anajua tu ikikanyagwa inapiga mluzi na kumsukuma mgongo. Hao ndio walikuwa wateja wa Fundi, na kabla ya kuwapa kitu walipewa maneno. Ya kwanza yalikuwa ya petroli. Alikuwa akimimina tone kwenye kiganja cha mwenye gari, sio chake, anamwambia apulize. Petroli safi inaruka, ngozi inabaki kavu. Ikibaki na utelezi, imechanganywa na mafuta ya taa. "Unampa farasi wa mashindano maji ya mtaro," anasema, "halafu akifa unaniletea mimi maiti."

Ya pili yalikuwa ya themostati. Hiyo ndiyo ilimpandisha hasira kweli. Sijui ni nani aliyewafundisha mafundi wetu kwamba hii ni Afrika, kuna joto, kwa hivyo kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto hakina kazi, kitolewe. Kila gereji ilikuwa ikikitoa. Fundi akifungua na kukuta shimo tupu, anaweka spana chini. "Nani kakwambia Afrika ni jiko? Asubuhi ulivaa sweta?"

"Nilivaa, Fundi."

"Basi na injini nayo imeamka bila sweta. Nenda kwa Mama Njoki ukanunue."

Nami nilikuwa nikiuza, sikatai. Lakini hata mtu wa kijiji akija na gari kuukuu isiyo na turbo alimpa somo lilelile, kwa hasira ileile.

Ya tatu ni kwamba ukitoka mbio usizime gari papo hapo. Turbo imepata moto, oili ikisimama ndani yake inaungua na kuganda. Iache ingurume pole kwanza. "Hata wewe ukikimbia husimami ukalala hapohapo," anasema. Mume wangu alilishika hilo kabisa. Jioni alikuwa akifika kwa geti na kukaa ndani ya gari ikinguruma, akipekua gazeti, na chakula kinapoa, na mimi siwezi kukasirika kwa sababu ile ngurumo ilimaanisha amefika.

Na mbio zenyewe? Mbio zilikuja mwisho. Kijana anakuja na kofia imegeuzwa nyuma, "Niaje Fundi, nataka hii dinga ipae." Fundi anazunguka gari bila kufungua boneti. Anapiga teke matairi. Anachuchumaa kuangalia breki. "Hii haijui kusimama, nawe wataka niifundishe kuruka." Kwanza matairi, halafu pedi na diski za breki, halafu shoki, halafu rejeta na mipira yake, halafu oili. Baada ya hayo yote ndiyo aguse presha ya turbo, ile inayotia mbio, na kwa wengi hakufika huko, maana walichoka wakaenda kwingine. Wa kutaka ekzosti kubwa ya kelele aliwaambia wanunue ngoma.

Lakini msidhani alikuwa mtakatifu. Aliyapenda haya magari, na alipenda kile alichokiogopa. Nilimwona mara nyingi. Gari aliyoitengeneza ikipanda kule juu kuelekea Juja, na ule mluzi ukianza, anaacha nyundo hewani. Anafumba macho. Midomo inasogea kidogo, na mtu akimsemesha hasikii. Nilikuwa nikimtania: "Fundi, huyo mke wa tatu amekuita?" Anashtuka, anacheka, anarudi chini ya gari. Mimi nami nacheka, lakini nilijua nyumbani kwangu kuna mtu anayefumba macho namna hiyo.

Sasa ule utaratibu wake. Hakuna gari iliyoongezwa presha ikatoka kwa Fundi bila mwenyewe kuleta mtu wa nyumbani. "Niletee mtu wako," ndivyo alivyosema. Mke, mama, dada, mtu ambaye ukichelewa hali chakula. Mtu huyo anakaa kiti cha nyuma. Mwenye gari anaendesha, Fundi anakaa kushoto kwake, ameshika mlango na kusoma dua, na wanatoka barabara ya Thika kwenye nafasi. Mwendo unaongezwa polepole. Mtu wa nyuma akisema "Basi!" dereva anaachilia mguu. Fundi, jasho linamtiririka, anaweka alama ya chaki kwenye kioo cha geji ya presha aliyobandika pale dashibodi. Wakirudi anafunga presha chini kidogo ya alama hiyo, na hakuna maombi yatakayomfanya aipandishe. Vijana walilia, walibembeleza, wengine walileta bibi zao viziwi. Alikataa. "Geji ya kweli imekaa nyuma," anasema.

Mimi nilikaa hicho kiti. Mume wangu, Baba Njoki, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha kutia matunda mikebe kule Thika, na yeye na wenzake wawili watatu wenye magari ya turbo walikuwa wakishindana jioni wakirudi. Aliniambia ni mchezo tu. Nikapanda nyuma nikiwa nimevaa viatu vya kanisa, sijui kwa nini, labda nilitaka nikutwe nikiwa nadhifu. Tukatoka. Mluzi ulipoanza tu, nikaona miti inakuja badala ya sisi kwenda. "Basi!" Hata Juja hatukuwa tumefika.

"Mama Njoki!" mume wangu akasema. "Hii ni mwendo wa kubeba mayai!"

"Basi, Baba Njoki. Aki basi, nishushe!"

Fundi akapiga chaki, na nikamwona amefurahi, amepumua. Mume wangu hakuongea nami mpaka Jumapili. "Umenitia aibu," akasema mwishowe. "Jana nimepitwa na pikapu ya kabeji." Mimi nikasema pikapu ya kabeji na itangulie, sisi tuko na watoto. Nikadhani hayo yameisha.

Siku moja nilipoenda Nairobi kuchukua mali ya duka, Baba Njoki alipita Witeithie kwa mama yangu, aliyekuwa akiuza viazi kando ya barabara. Akamsalimu vizuri, akamwambia fundi ameijenga injini upya, kwa hivyo gari inapimwa upya na anataka mtu mzima wa nyumbani, ni kukaa tu. Mama akafunika viazi vyake, akapanda.

Kwetu mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana mpaka mgeni anaweza kudhani wamekosana. Mama hangekula mbele ya Baba Njoki. Wakikutana njiani anakaa kando, anafunga kitambaa vizuri kichwani, anaongea akiangalia chini. Kumkatalia ombi? Hapana. Kumpigia kelele, tena mbele ya mwanamume mwingine? Afadhali aende kaburini. Baba Njoki alilijua hilo. Alichagua mtu wa kiti cha nyuma kama mtu anavyochagua hakimu atakayempendelea. Mama akakaa, gari ikakimbia, mama akanyamaza. Alama ya chaki ikawekwa mbali sana, na Fundi akafunga presha karibu na hapo.

Sikuambiwa. Niliona tu mume wangu ana furaha, ananunua nyama katikati ya wiki. Haikufika mwezi. Ilikuwa jioni ya mvua, wanashindana kutoka Thika, na karibu na Juja gari ikatoka barabarani ikapinduka mara nyingi. Mtu alikuja dukani akasimama mlangoni, na mimi nikaanza kufunga duka kabla hajafungua mdomo. Fundi alikuwa amesimama kwa gereji yake ng'ambo, ananiangalia. Alikuwa amejua kabla yangu.

Matanga yalipofika Fundi alikuja, akasimama mbali, karibu na ua, ameshika kofia mkononi. Hakula. Baada ya siku chache gereji ilifungwa, na watu wakaanza: fundi gani anaua watu, eti sharti la kiti cha nyuma ni uganga. Niligombana na wengine hadi wakahama duka langu. Nilikuwa namtetea na moyoni nina swali.

Mama ndiye alinitia hilo swali. Tulipokuwa tukipika chai ya wageni aliniambia kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nyuma. Nilinyamaza." Nikamuuliza, nyuma wapi? Ndipo akanieleza. Tangu siku hiyo mama hakupanda gari tena. Kanisani alienda kwa miguu. Hospitali alienda kwa miguu, na goti linamuuma. Nikimwambia si wewe, ni barabara, ni mvua, ni yeye mwenyewe, ananisikiliza kwa adabu halafu anasema, "Wale wengine walisema basi. Ni mdomo wangu."

Na mimi, Ngai anisamehe, usiku nilikuwa nalala nikiwaza: je, alikaa tu pale ametulia? Je, Fundi alimuuliza akasema endelea? Nilisikia mapema kwamba Fundi yuko Gatuanyaga, kwa binti yake aliyeolewa huko, anafuga mbuzi. Si mbali. Lakini kila nikipanga kwenda napata sababu. Niliogopa atanipa jibu ambalo nitarudi nalo nyumbani na kumwangalia mama nalo usoni mpaka afe. Afadhali nisijue. Hivyo ndivyo nilivyokaa, miaka, mpaka mama alipoanza kudhoofika, akawa anaongea peke yake akimenya viazi, na neno ninalolisikia ni lile moja: basi, basi, basi. Nikachukua pikapu ya duka nikaenda.

Gatuanyaga ilikuwa vumbi tupu. Nilimkuta amechuchumaa kando ya pampu ya maji, ameifungua vipande vipande juu ya gunia. Hakuinuka. Alisikiliza pikapu yangu mpaka nilipoizima.

"Filta ya hewa imeziba," akasema. "Na wewe unaiuza."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Njoki. Kaa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa tutaongea habari za mbuzi. Nikasema nimekuja kuuliza juu ya mama. Nikashika mlango wa pikapu. "Siku ile, alinyamaza?"

Akapangusa mikono polepole, kidole kwa kidole. "Alinyamaza. Neno moja hakusema."

Nikahisi dunia imeniangukia.

"Ngoja," akasema. "Sijamaliza. Mdomo wa mtu una adabu, Mama Njoki, uso hauna. Mimi nilikuwa nikishusha kile kioo kidogo cha kujitazamia, kinachokunjwa pale juu mbele ya abiria, namwangalia mtu wa nyuma. Sikuwa nikiwaambia. Wengi walichelewa kusema basi, na mimi nilikuwa nimeshaliona. Siku hiyo nilimwona mama yako. Alikuwa ameingiza ncha ya shuka aliyojitanda mdomoni, ameiuma, asije akatoa sauti mbele ya mkwewe. Machozi yanamwagika. Hata kabla ya Juja."

"Na ukafanya nini?"

Mbuzi mmoja akaja kunusa gunia, Fundi akamsukuma kwa mkono.

"Nilikipandisha kile kioo, nisimwone."

"Kwa nini?"

"Ile injini nilikuwa nimeijenga vizuri. Katika maisha yangu sijawahi kujenga nyingine namna ile. Ilikuwa inaanza kuimba, na nilijua nikisema basi sitaisikia tena. Nilimjua ni mkwe. Mimi pia nina wakwe. Nilijua hatapiga kelele. Nikajiambia, hajasema." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Nikaweka chaki."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, niliangalia chini nikaona spana, nikaiona vizuri. Hasira ilikuja na kitu kingine pamoja, kitu chepesi ambacho kilinitia aibu, kwa sababu mume wangu amekufa na mimi nimefurahi: mama yangu alikuwa amelia. Nikamwambia, "Panda gari."

"Mama Njoki, mimi sipandi—"

"Nimesema panda! Kuniambia mimi hakutoshi. Utamwambia yeye."

Alipanda. Kutoka Gatuanyaga mpaka Thika, na kutoka Thika mpaka Witeithie, alishika mlango kwa mikono miwili, ametoa macho, midomo inasoma dua. Lori lilipotupita alijikunja mpaka kofia ikaanguka. Mimi nami nilikuwa naogopa, sijui kama mama atastahimili, sijui kama namuua au namponya.

Mama alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake, ndoo ya viazi mbele. Alimtambua. Akaanza kujifunga kitambaa vizuri, kwa desturi yake, akiangalia chini. Fundi akasimama mbele yake, mikono imelegea kando, inatetemeka wazi kabisa.

"Mama," akasema, "siku ile nilikuona kwenye kioo."

Mama akaacha kumenya. "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nikiwa ninalia?"

"Ukiwa unalia. Nikajua unasema basi. Nikakaa kimya, kwa kupenda kwangu. Wewe hukunyamaza, mama. Mimi ndiye niliyekataa kukusikia."

Mama akaniangalia mimi kwanza, kuona kama nimemnunua mtu aje amdanganye. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akaweka kisu chini. Akafungua kile kitambaa, akakitoa kichwani kabisa, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya mbele ya mwanamume yeyote, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Kisha akafungua mdomo akapiga nduru.

Ngai! Sikujua mwili ule mdogo una sauti hiyo. Alipiga moja, akavuta pumzi, akapiga nyingine. Kuku wakatawanyika. Majirani wakaja mbio na rungu na panga wakiuliza wezi wako wapi, wakamkuta mzee mmoja wa kofia amesimama ameinamisha kichwa, na hakuna aliyejua la kufanya. Mtu mwoga kuliko wote niliowajua hakurudi nyuma hata hatua. Alisimama pale mpaka sauti ya mama ikapasuka, ikawa ya kukwaruza, ikaisha.

Mama akapangusa uso kwa kitambaa. Akawaambia majirani warudi nyumbani, hakuna mwizi. Akamwangalia Fundi, akaiangalia ile mikono, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Mrudishe kwake," akaniambia, kwa sauti ndogo iliyobaki. "Na uendeshe polepole. Huyo mzee anaogopa."